Heshima ya Ukoo na Kilio cha Tamari

Somo la mwezi: 2 Samweli 13 mpaka 15

 

Mwezi huu tunaacha kidogo masomo yetu ya Waefeso. Kuna neno limenikaa moyoni juu ya vikao vyetu vya ukoo, na sipendi kulibeba mpaka mwezi ujao.

Wengi wetu tuliingia Uganda kwa mlango wa Mpondwe. Tulivuka mto Lubiriha na magodoro kichwani, na usiku wa kwanza hatukulala chini ya hema, tulilala kwa shemeji au kwa mtoto wa shangazi, kule Bwera au mbele zaidi mjini Kasese. Wazungu walikubaliana ule mpaka mwaka 1910 bila kumwuliza mtu wa mlimani, lakini Mukonzo wa upande huu na Muyira wa upande wa Beni na Butembo wamebaki ndugu, lugha karibu ni moja, na jina la Nyamuhanga ambalo babu zetu walimwita Muumba kabla hawajasikia Injili ni lile lile. Hata sisi wengine tuliotoka Masisi, Rutshuru au Ituri, wapo waliopokelewa pale kwa ajili ya undugu wa kanisa. Ndiyo sababu kesi ya familia ikitokea hapa kambini haiishii hapa kambini. Simu inapigwa. Mjomba anapanda gari kutoka Bwera, wakubwa wa ukoo wanakutana, na kabla jogoo hajawika shauri limekwisha.

Kwanza niseme wazi kwamba mimi si adui wa kikao. Wako watumishi wanaohubiri kana kwamba kila kitu cha babu zetu kilitoka kwa shetani, na mimi simo katika kundi hilo. Wayira wana Kyaghanda, mahali wanaume walipokaa kuzunguka moto, kijana akajifunza kusema kwa adabu na mwenye hatia akajifunza kusikiliza. Wenyeji wetu wa Rwenzururu, ambao ufalme wao serikali iliutambua mwaka 2009, kila mgongo wa mlima una mkubwa wake anayeamua ugomvi wa shamba na wa maji. Ndugu zetu wa Kivu ya Kaskazini wanakumbuka Barza ile ya makabila iliyoundwa mwaka 1998, wazee wa jamii mbalimbali wakikaa pamoja ili ugomvi wa shamba moja usigeuke kuwa vita ya kabila zima. Baadaye siasa iliiharibu, lakini wakati ilipofanya kazi watu walilima.

Na Biblia inajua kikao. Someni Ruthu sura ya 4. Boazi haendi kumchukua Ruthu kwa siri. Anaketi langoni pa mji, anamwita ndugu mwenye haki ya kukomboa, anawaita wazee kumi, na jambo linasemwa mbele ya watu wote, kiatu kinavuliwa kiwe ushuhuda. Angalieni mambo mawili pale. Ilikuwa mchana, na ilikuwa langoni, mahali kila mwenye kupita anasikia. Mwanamke maskini, mgeni kutoka Moabu, haki yake ilikuwa salama kwa sababu mashahidi walikuwa wengi na baadaye yeyote angeweza kuulizwa.

Hata sheria ya nchi hii haikatai upatanisho. Katiba ya Uganda ya mwaka 1995, kifungu cha 126, inawaambia majaji wenyewe waendeleze upatanisho kati ya wenye kesi. Sheria ya mabaraza ya LC ya mwaka 2006 inaruhusu wazee wa kijiji kusikiliza deni, mbuzi aliyekula mahindi ya jirani, ugomvi wa shamba la kimila, na kuamua fidia, kurudisha kitu au kuomba msamaha. Hapa kambini viongozi wetu wa RWC wanafanya kazi kama hiyo kila wiki, na tunamshukuru Mungu kwa ajili yao, maana hawalipwi na matusi wanayopata ni mengi.

Basi shida iko wapi? Shida ni kikao cha usiku.

Mnajua jinsi kinavyokwenda. Binti wa miaka kumi na minne ametumwa kuchota maji au kuokota kuni, amerudi akilia. Mama anajua kabla hajaambiwa. Baba anaambiwa usiku. Mtu aliyefanya jambo lile si mgeni. Ni mtoto wa mjomba, au ni mtoto wa yule aliyetupokea tukiwa hatuna hata sufuria. Hapo baba anapima. Akisema, watu watamcheka kwenye mstari wa posho. Akisema, binti hataolewa. Akisema, yule ndugu wa Bwera aliyetulaza kwake miezi mitatu atauliza, hii ndiyo shukrani yenu? Wakubwa wanaitwa. Kasiksi inaletwa. Mbuzi wawili, labda watatu, na kitenge cha mama. Wanapeana mikono, wanaomba, ndiyo, wanaomba, na wakati mwingine mzee wa kanisa ndiye anayefunga kwa sala. Binti hayumo ndani. Yuko jikoni anapika chakula cha kikao.

Ndugu zangu, sasa fungueni 2 Samweli 13 mtazame nyumba ya mfalme Daudi.

Amnoni anamtamani Tamari, ndugu yake wa baba mmoja. Anajifanya mgonjwa, kwa shauri la Yonadabu, ambaye naye ni mtu wa ukoo, mtoto wa ndugu yake Daudi. Tamari anatumwa apeleke mikate. Ni baba yake mwenyewe aliyemtuma. Anaposhikwa anasema, na maneno yake ni ya mtu mwenye akili kuliko wanaume wote wa sura ile: anamwuliza aibu yake ataipeleka wapi, na anamwonya Amnoni kwamba na yeye atakuwa mpumbavu katika Israeli. Hakusikilizwa. Baada ya kumaliza anamfukuza na kufunga mlango. Tamari anararua vazi lake, anatia majivu kichwani, anatembea akilia. Hakujificha. Alilia njiani ili watu wajue.

Absalomu ndiye anayemnyamazisha. Anamwambia anyamaze kwa kuwa yule ni ndugu yake, na asiliweke jambo lile moyoni. Mstari wa 20. Mimi nimesoma mstari ule mara nyingi, na kila mara nasikia sauti ya mjomba wa kwetu. Wala Absalomu hakumchukia dada yake. Alimpenda, hata binti yake aliyezaliwa baadaye alimwita Tamari. Lakini alidhani upendo ni kunyamazisha. Na Daudi? Mstari wa 21 unasema alikasirika sana. Basi. Hakuna kikao, hakuna hukumu, hakuna neno kwa Tamari. Mfalme aliyeua simba na dubu hakuweza kumwuliza mwanawe wa kwanza swali moja, kwa sababu Amnoni ndiye mrithi, na jina la nyumba lilikuwa juu yake.

Heshima ya ukoo ikahifadhiwa miaka miwili mizima. Kwa nje nyumba ilikuwa na amani, Absalomu hakumwambia Amnoni neno zuri wala baya. Kisha sikukuu ya kukata manyoya ya kondoo, divai, na Amnoni akauawa mezani. Absalomu akakimbilia Geshuri kwa baba wa mama yake, akakaa huko miaka mitatu. Sisi tunajua maisha ya kukaa kwa wajomba nchi ya kigeni, tusipite haraka hapo.

Wakamrudisha. Miaka miwili akakaa Yerusalemu bila kuonana uso kwa uso na mfalme, halafu mfalme akambusu, na sura ya 14 inaishia kwa busu lile. Wale wanaopenda upatanisho wa haraka wangeimba haleluya. Lakini hakuna aliyelitaja jambo lenyewe. Someni tena polepole: jina la Tamari halikutajwa katika busu lile. Na sura ya 15 inaanza na Absalomu amesimama asubuhi kando ya njia ya lango. Lango lile lile la kikao! Kila mwenye kesi akifika, Absalomu anamwambia kesi yako ni nzuri lakini hakuna wa kukusikiliza kwa mfalme. Kwa maneno hayo aliiba mioyo ya Israeli. Aliweza kuyasema na watu wakaamini, na yeye mwenyewe alikuwa shahidi: katika nyumba ya mfalme palikuwa na kesi ambayo haikusikilizwa kamwe.

Mwisho wake mfalme akakimbia. Daudi anapanda mlima wa Mizeituni bila viatu, kichwa kimefunikwa, analia, na watu wake wote wanalia nyuma yake, pamoja na watoto wadogo, maana mstari wa 22 unawataja watoto. Daudi akawa mkimbizi. Sisi tukiulizwa kwa nini tulikimbia tunataja makundi yenye silaha, na ni kweli. Vita ya Daudi ilikuwa na majeshi pia, na washauri, na siasa. Tena nabii Natani alikuwa amemwonya juu ya upanga ndani ya nyumba yake kwa ajili ya Uria. Lakini ukifuata njia ya damu nyuma, mlango kwa mlango, unafika chumbani kwa Amnoni, mahali binti alilia na watu wazima wakachagua jina la nyumba. Mficha maradhi, kilio humfichua.

Najua majibu yatakayokuja, kwa sababu wazee wetu wanasoma Biblia kuliko wachungaji wengine.

Mmoja atanionyesha Kumbukumbu la Torati 22, mstari wa 28 na 29, kwamba mtu aliyemlala msichana alipe fedha na amwoe. Ndiyo, imeandikwa. Lakini rudi nyuma mistari mitatu. Mstari wa 26 unasema binti aliyeshikwa kwa nguvu shambani hana dhambi hata kidogo, na Musa analinganisha jambo lile na mtu aliyemwinukia mwenzake akamwua. Musa anaweka kubaka karibu na kuua. Na Kutoka 22:17 inampa baba ruhusa ya kukataa kabisa kumwoza binti yake. Sheria ile ilitolewa kwa watu ambao mwanamke bila mume angekufa njaa, ikamfunga mwanaume amlishe. Kuichukua leo ili kumpeleka mtoto wa miaka kumi na minne kitandani kwa aliyemwumiza, ni kutumia kamba ya kuokolea kwa kunyongea. Mimi ndoa kama hiyo sitaibariki, hata wazazi wa pande zote wakiniomba kwa magoti.

Mwingine ataleta Mathayo 18, kwamba ndugu akikukosea umwendee wewe na yeye peke yenu. Maneno ya Bwana. Lakini somo lile linakwenda kutoka mtu mmoja mpaka wawili mpaka kanisa zima, linapanda kuelekea mwangani, wakati kikao chetu cha usiku kinashuka kuelekea gizani. Na mwanzo wa sura ile ile, mstari wa 6, Bwana anamsema anayemkosesha mmoja wa wadogo, na habari ya jiwe la kusagia na kilindi cha bahari. Watu wetu wanasoma mstari wa 15 bila wa 6.

Wa tatu atasema Paulo alikataza Wakristo kushtakiana kwa wasioamini, 1 Wakorintho 6. Angalia Paulo anasema juu ya nini pale: kunyang'anyana mali, mambo anayoyaita madogo. Sura ya 5, iliyo juu yake, inahusu zinaa ndani ya familia, na pale Paulo analigombeza kanisa kwa sababu lilivumilia. Tena Paulo yule yule, maisha yake yalipokuwa hatarini, alikata rufani kwa Kaisari.

Jibu la nne ndilo linalonigusa zaidi. Mama mmoja mcha Mungu anaweza kuuliza: na Yusufu je? Hakutaka kumwaibisha Mariamu, akaazimu kumwacha kwa siri, na Maandiko yanamwita mwenye haki. Ni kweli. Ipo siri iliyo takatifu. Jina la mtoto aliyeumizwa halitangazwi mimbarani, wala kwenye bomba la maji, na mama anayechukua habari hii kuipeleka nyumba kwa nyumba anamwumiza mara ya pili. Lakini tazameni siri ya Yusufu ilimfunika nani. Ilimfunika msichana, na gharama aliibeba mwanaume, maana watu wangemsema yeye. Siri ya kikao chetu inamfunika mwanaume, na gharama anaibeba msichana. Katika kila kikao ulizeni swali hilo moja: kimya hiki kinamfunika nani?

Yuda naye, katika Mwanzo 38, aliogopa kuchekwa. Maneno hayo yamo katika mstari wa 23. Kwa ajili ya heshima ya nyumba yake alikuwa tayari Tamari mwingine, mke wa marehemu mwanawe, achomwe moto. Ikaletwa pete, kamba na fimbo, na Yuda akakiri mbele ya watu kwamba mwanamke yule ana haki kuliko yeye. Na Mathayo, alipoandika ukoo wa Bwana wetu, hakumficha Tamari yule, wala Rahabu, wala mke wa Uria. Kama kuna ukoo wenye heshima duniani ni ule, na aibu zake zimeandikwa ukurasa wa kwanza.

Niguse kidogo jambo la mahari, kwa sababu mbuzi hawa wanarudi kila mahali. Mke anapigwa, anakimbilia kwa baba yake kule Bwera, na usiku huo huo ukoo unahesabu mbuzi wa kurudisha. Hawapo, walioza kaka yake. Basi anarudishwa kwa mume, wanasema ni kuhifadhi ndoa. Mwezi Agosti 2015 Mahakama Kuu ya Juu ya Uganda, katika kesi iliyofunguliwa na shirika la MIFUMI, iliamua kwamba kudai kurudishiwa mahari ndoa inapovunjika ni kinyume cha Katiba. Mahari yenyewe hawakuikataza. Akina baba wenye mabinti, mshike habari hiyo: hakuna mbuzi anayeweza kukulazimisha umrudishe mtoto wako mahali atakapouawa.

Sasa niseme ya vitendo, na wazee wa kanisa wamekwisha kukubaliana nami.

Mtoto wa chini ya miaka 18 akiguswa, hiyo si kesi ya kikao, si ya LC, si ya RWC, si ya mchungaji. Kwa sheria ya Uganda ni kosa la jinai, hata kama binti atasemwa kwamba alikubali, hata kama wazazi wamepatana, na sisi wakimbizi tuko chini ya sheria hiyo sawa na wenyeji. Lakini kabla ya polisi kuna hospitali. Dawa ya kuzuia virusi vya ukimwi inapaswa kuanza kabla ya masaa 72 kupita, na mapema ni bora. Hesabuni wenyewe. Siku moja ya kumngoja mjomba atoke Bwera, siku ya pili ya kutafuta mbuzi, siku ya tatu ya kikao. Wakati wakubwa wanapeana mikono, dawa imekwisha kupitwa. Mpelekeni kituo cha afya siku ile ile. Ikitokea akiwa kwa ndugu kule mpakani, hospitali ya Bwera ipo. Asioshwe na nguo zake zisifuliwe kabla daktari hajamwona. Polisi watatoa fomu 3A ambayo daktari anaijaza. Anayeogopa kwenda anaweza kupiga namba 116, namba ya watoto, haina malipo.

Na kikao kina kazi yake bado. Kuna kazi ambayo polisi hawaijui: kumlinda binti asitukanwe shuleni, kukaa na baba yake asichukue panga kama wana wa Yakobo kule Shekemu, kumwambia ndugu wa Bwera kwa heshima kwamba tunakumbuka chakula chake na godoro lake, na kwamba deni hilo tutalilipa kwa kilimo na kwa sala, lakini mwili wa mtoto haukuwa mali yetu ya kulipia. Maneno hayo ni mazito kusema, ndiyo sababu tunahitaji wazee wa kuyasema.

Tangu sasa mzee wa kanisa au shemasi akiitwa kwenye kikao cha ukoo cha usiku juu ya jambo la mtoto, hatakwenda kufunga kwa sala. Atakuja kugonga mlango wangu, saa yoyote. Vikao vya mambo mengine, ya mashamba na madeni na maneno makali, vitafanyika Jumamosi mchana chini ya mwembe wa kanisa, na akina mama wawili waliochaguliwa watakaa ndani ya kikao, si jikoni. Chakula cha siku hiyo kitapikwa na vijana wa kiume wa kwaya. Wamekubali, ingawa ladha sijui.

Jumatano katika vikundi vya nyumbani tutasoma 2 Samweli 13. Naomba asomaye maneno ya Tamari, mstari wa 12, 13 na 16, awe binti, na asome kwa sauti.

Ni mimi mchungaji wenu katika Kristo.